Mwanangu, moto ujue na kuuzima

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua hii nimeikunja ndani ya kopo, kwa hiyo ukiisoma utakuwa umeshafungua begi na uko kambini.

Mtagawanywa vikundi vidogo, wageni pamoja na wazoefu. Hata Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aligawa vikundi vidogo kwenye kambi yake ya kwanza mwaka 1907, na vijana kama 20 kisiwani Brownsea, Uingereza. Mafundo utayaweza, ukikosea, fungua ufunge tena. Dira nayo usiiogope. Hapa mjini umezoea kuuona Mlima Kilimanjaro kaskazini, lakini wingu likishaufunika ndipo utajua kazi ya dira.

Ninalotaka kukuambia hasa ni habari ya moto. Kila skauti mpya anagombania kuuwasha. Sawa, jifunze: anza na vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, ufuate vya unene wa kidole, ndipo uweke kuni. Ila saa ya kuuzima utashangaa wenzako wameshakwenda kulala. Wewe baki.

Mimi nikiwa na umri wako niliufukia kwa udongo tu, nikaenda zangu. Alfajiri upepo ukaufukua, turubai la jikoni likaungua pamoja na unga wetu wote. Na nilikuwa nimeyaona nyumbani! Bibi yako kule Kibosho kila usiku alifukia makaa kwenye majivu, asubuhi akipuliza kidogo, moto umeamka. Kufukia ni kuutunza.

Kwa hiyo mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti mpaka chini kabisa, mwaga tena. Ukisikia bado yanalia "chwii", ongeza. Kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, rudia. Yakipoa hata unaweza kuyashika, nenda kalale.

Oktoba 2020, mlima ulipowaka moto, wewe ulikuwa mdogo. Nilikubeba nje usiku tukautazama ule mstari mwekundu kule juu. Moto ule ulichukua siku nyingi, na watu walipanda kuupiga kwa matawi. Ukaniuliza, "Baba, mlima utaisha?" Nilikujibu hautaisha, lakini usiku ule sikulala.

Kopo hili usinywee chai. Ni la maji ya moto wenu. Likae limejaa, karibu na mafiga, tangu mnapowasha.

Mama yako anakusalimu. Soksi kavu ziko mfuko wa pembeni.

Baba yako