Brashi ya kunyolea ikinyonyoka msituambie tuitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu nisome ushauri wenu wa usafi wa kunyoa, pale mlipoandika kwamba brashi ya kunyolea ikianza kunuka au kudondosha nywele basi itupwe mtu anunue mpya, mstari mmoja tu halafu mkahamia kwenye wembe. Mi nazifufua hizi brashi miaka kumi na kitu sasa, zangu na za ndugu na marafiki, na nawaambia ukweli kabisa, nyingi zinazotupwa hazijafa. Zimeziba tu, au gundi imechoka.

Brashi ina vitu viwili, mpini na lile shada la nywele lililogandishwa ndani ya tundu la mpini. Nywele ndo zinazozeeka. Mpini, kama ni wa pembe au mti mzuri au zile plastiki ngumu za zamani, unaweza kumzika mwenyewe na mtoto wake akaendelea kuutumia, na mtu akitupa vyote viwili kwa sababu cha kwanza kimechoka inaniuma kweli, ni kama kutupa jembe zima kisa mpini umevunjika, hapa imegeuka tu upande.

Tuanze na harufu na nywele kuwa ngumu kama ufagio, maana hilo ndo la kawaida kuliko yote. Ile sio uozo, ni ukoko wa sabuni. Maji yenye chokaa nyingi yakikutana na sabuni yanatengeneza kitu kizito kisichoyeyuka, kinashuka chini kabisa kwenye mizizi ya shada kinakaa humo, kila siku kidogo kidogo, mpaka povu halitoki tena hata uzungushe mkono uchoke. Dawa yake ni rahisi sana. Osha kwanza na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, ukifungua nywele kwa vidole, suuza, halafu changanya siki nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu kumi hivi, chovya nywele peke yake (mpini usiguse) kwa dakika tano, suuza tena mpaka harufu ya siki iishe. Nimeona brashi iliyokuwa njiani kwenda jalalani inarudi laini kwa kazi hiyo tu ya robo saa. Maji yasiwe ya moto wa kuunguza, nywele za mnyama ni nywele kama zetu, zikichemshwa zinakakamaa zinakatika, na gundi ya ndani nayo inalegea.

Kuhusu kukausha watu wanabishana sana, wengine wanasema lazima ining'inizwe kichwa chini la sivyo maji yatashuka kwenye mpini. Mi nimetumia zote mbili na sijaona tofauti ya maana, kinachoua brashi ni kufungiwa ikiwa mbichi. Ukimaliza kunyoa suuza vizuri, kung'uta kwa nguvu, pitisha kwenye taulo kavu, iache mahali penye hewa. Ukiifungia kwenye kijibegi au kabati lenye joto ikiwa na maji unaalika ukungu. Na msiazimane, Mhariri, hilo ningependa mliandike kila mara, brashi inapita kwenye ngozi iliyokwanguliwa na wembe, damu kidogo inaweza kuwepo hata usipoiona.

Halafu kila nywele ina tabia yake. Ya nguruwe inataka kuloweka dakika chache kabla ya kutumia, na mwanzoni ni ngumu inachoma, lakini baada ya wiki kadhaa ncha zinapasuka kila mmoja unakuwa kama uzi mwembamba, ndo hapo inakuwa tamu, kwa hiyo anayeitupa wiki ya pili ameondoka kabla mambo hayajaanza. Ya baja, yule mnyama jamaa wa nyegere, inashika maji mengi kuliko zote na haihitaji kuloweka muda mrefu. Ya nyuzi bandia hailowekwi kabisa, inakauka haraka, na kwa mtu anayesafiri sana mi naipendekeza bila wasiwasi. Zote hazipendi kukandamizwa. Kuna watu wanasukuma brashi usoni mpaka mpini unakaribia kugusa shavu, nywele za katikati zinakatikia ndani, baada ya muda unakuta shimo katikati ya shada, na hilo halitibiki. Zungusha kwa ncha, malizia kwa kupaka kama unapaka rangi ukuta.

Brashi yangu ya kwanza kabisa niliiua mwenyewe. Ilikuwa ya mti, nikawa naiacha nzima ndani ya glasi ya maji ya moto kila asubuhi wakati naoga, vanishi ikapukutika, mti ukavimba, ukapasuka kuanzia juu mpaka kwenye kitako. Pembe nayo ni hivohivo, ikilowekwa inaanza kuachana tabaka tabaka. Sijasahau ile sauti ya ufa, na tangu siku hiyo maji kwangu yanaishia kwenye nywele.

Sasa nywele kudondoka. Brashi mpya kutoa nywele chache wiki za mwanzo ni kawaida, ni zile ambazo gundi haikuzishika. Shada zima likichomoka kwa mkupuo nalo sio msiba, safisha tundu, kausha siku moja, rudishia na gundi ile ya epoksi ya mirija miwili. Tatizo ni pale zinapotoka vifungu vifungu kila siku, hapo shada limekwisha na inabidi uweke jipya, na hii ndo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Brashi ya babu ilinifikia hivyo. Mpini wa rangi ya asali iliyoiva, nywele zimebaki kama za mzee wa miaka tisini. Ile rangi ilinipa habari nyingi, maana katalini, hiyo plastiki ya zamani, nyingi zilitoka kiwandani nyeupe zikageuka manjano kwa miaka na mwanga, na ukiisugua na dawa ya kung'arisha kitambaa kinatoka na manjano, ndo unajua umeshika kitu chenyewe. Nililowesha nywele kwanza vumbi lisiruke, nikavaa glovu na barakoa, nikazikata hadi usawa wa mpini. Kisiki kilichobaki ndani unakitoboa na drili, anza na biti ndogo katikati, ongeza polepole, ukikaribia kuta za tundu acha drili chukua msasa uliozungushiwa kijiti, mkono wako una huruma kuliko mashine. Mpini ufungwe kitambaa ukishikwa na jiliwa, na usikaze sana, plastiki ya umri ule inapasuka bila kukuonya.

Shada jipya linauzwa peke yake, linapimwa kwa milimita, mengi yako kati ya 20 na 26 kwa upana. Tundu liwe pana kidogo tu kuliko shada, nusu milimita mpaka moja, gundi ipate pa kukaa. Kabla ya gundi, na hapa ndo wengi wanakosea, weka shada kavu angalia urefu wa nywele zinazobaki nje. Likizama sana brashi inakuwa ngumu kama kisiki, likibaki juu sana inalegea inalala chini povu halina nguvu. Kwa shada la milimita 22 mi napenda kama 50 zibaki nje. Tundu likiwa refu mno tumbukiza chini washa moja au mbili, zile pete bapa zinazokaa chini ya nati, zitapandisha sakafu. Ukisharidhika ndo uchanganye epoksi, kidogo tu, ikifurika inapanda kwenye nywele na hapo umeharibu, simamisha wima, iache mpaka kesho. Mpini wenyewe nilipiga msasa wa maji namba 600, halafu 1000, halafu 2000, nikamalizia na dawa ya kung'arisha plastiki. Mama alipouona alinyamaza muda mrefu, akasema tu, huu ndio niliokuwa naushika nikiwa mdogo nikimletea baba maji ya kunyolea.

Lakini kuna brashi ambazo hata mi nasema zisitumike, na inasikitisha kwamba ushauri wenu haukuzigusia. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia nywele nzuri za baja zilikuwa ngumu kupatikana, watengenezaji wakatumia za farasi, nyingine zikapakwa rangi zifanane na baja, na baadhi hazikusafishwa inavyotakiwa. Zikaja na kimeta. Askari na raia wa Marekani na Uingereza waliugua kimeta cha ngozi usoni na shingoni kwa kutumia brashi mpya kabisa, wengine wakafa, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Vijidudu vya kimeta vinajifunga kwenye ganda gumu vinakaa miaka mingi mno, siki haiviui, na kuvipitisha kwenye maji ya moto jikoni sio kitu cha kukitegemea. Kwa hiyo brashi yoyote ya nywele za mnyama inayoweza kuwa ya miaka ile ya vita au iliyofuata mara baada yake, mi siikati, siitoboi, sinyolei, naifunga kwenye mfuko na mwenyewe namwambia awaulize watu wa afya. Ya babu niliithubutu kwa sababu katalini ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na hata hivyo nywele zake sikunyolea hata siku moja.

Najua barua ni ndefu na mtaikata, nimezoea. Kateni ya msasa, kateni hata ya mama, lakini hiyo aya ya kimeta naomba itoke nzima, maana brashi hizi za zamani zinapita mkono kwa mkono na watu wanazipaka usoni asubuhi bila kuuliza zimetoka wapi.

Msomaji wenu wa siku nyingi