Kuhusu hela ya spika, na Shemeji Rajabu

Leipzig, Jumapili jioni

Mdogo wangu Elisante,

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie cheti cha uuguzi nimekipata, na mtihani wote ulikuwa kwa Kijerumani. Atangaze kanisani, ruksa.

Hela ya spika uliyoniomba, ya kuhubiria stendi, sitatuma. Aikande ameshanieleza uliyomwambia Shemeji kwenye kipaimara cha Neema. Ati Rajabu anamchukia Yesu! Imeniuma. Mwislamu anaamini Isa bin Mariamu ni nabii aliyezaliwa na bikira. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la mama yake. Kinachomchoma ni "Mwana wa Mungu" kurushwa bila maelezo. Yeye anasikia Mungu amezaa, na tangu madrasa anasoma sura ya 112 kwamba hakuzaa wala hakuzaliwa. Anzia kwa Mariamu. Muulize anamjuaje Isa, nyamaza mpaka amalize, ndipo useme "mimi naamini", si "ninyi mmepotoka". Tena mkiwa wawili tu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe zake hawezi kukubali hata kama moyo unataka.

Stendi nako ni hivyo hivyo. Mama wa watu anawahi basi la Arusha, mtoto mgongoni, wewe unamtangazia jehanamu, na kikapu cha sadaka kinapita hapo hapo. Kesho akisikia Yesu anashika pochi. Na aliyeombewa kisukari akaambiwa aache dawa, akazidiwa, usimshangae akifoka.

Huku walikotoka wamisionari waliofika Machame 1893, wengi sasa hawana dini. Wakomunisti walililipua kanisa la chuo kikuu tarehe 30 Mei 1968, na kijana wa kanisani alibaniwa masomo. Wengine wanajitoa kwa ajili ya kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi ya mapato hapa Sachsen. Wengine ni kwa watoto walionajisiwa na mapadri. Kila mmoja ana kidonda chake, na ukigusa kabla ya kuuliza atakurukia.

Kwetu pia. Mangi Meli, chifu wetu wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mzee akikunja uso ukimtaja Yesu, huenda anaiona bunduki iliyopanda mlima pamoja na msalaba.

Sikatai, msalaba wenyewe unakwaza. Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo, kwamba kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa Wayunani upuuzi. Kwazo hilo libebe, mdogo wangu, usilipunguze hata kidogo. Ila kelele na aibu umeziongeza wewe.

Nimemtumia Aikande laki moja. Ramadhani ikifika, nunueni mchele, sukari na tende, uvipeleke mwenyewe kwa Rajabu, ukae ufuturu naye. Siku hiyo usihubiri.

Kahawa ya kihambani msiiuze yote, niwekeeni kilo mbili. Huku saa kumi jioni ni giza, na mlima hauonekani upande wowote.

Dada yako