Wanaobadili fani wasifiche walikotoka

Mhariri,

Nilifundisha hisabati kabla ya kuhamia idara ya rasilimali watu, na sasa hukaa upande wa wanaouliza maswali kwenye usaili. Inaniuma kuona watu wenye uzoefu mzuri wakiuficha kwa sababu tu wanabadili fani. Mtu anaingia, anaomba radhi kwamba kazi hiyo hajawahi kuifanya, kisha ananyamaza.

Hivi karibuni tulimsaili muuguzi aliyeomba kazi ya kusimamia ghala. Alipoulizwa angezuiaje bidhaa kuharibika, alieleza alivyokuwa akipanga dawa wodini: zinazokaribia kuisha muda mbele, mpya nyuma, na daftari la ukaguzi kusainiwa kila zamu. Sote tuliweka kalamu chini tukamsikiliza.

Mnaojiandaa, someni tangazo la kazi mstari kwa mstari, na kando ya kila sifa andikeni jambo mlilolifanya kwa mikono yenu. Swali la "kwa nini unaacha kazi yako?" halikwepeki. Elezeni mnachokifuata, msimseme mwajiri wa zamani. Nanyi wasaili wenzangu, tafadhali, mwacheni mtu amalize jibu lake.

Mwalimu wa zamani