Mwimbaji akilia jukwaani, tumwache alie

Ndugu Mhariri,

Tangu arusi moja ya mwezi uliopita hapa Tanga, mashabiki wa taarabu tunabishana. Mwimbaji alifika katikati ya ubeti akanyamaza, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaendelea kwa sauti iliyokwaruza. Wapo wanaosema alivunja heshima ya taarabu: mwimbaji hutulia, maneno ndiyo hufanya kazi, na kulia ni kwa wasikilizaji wanaoinuka kumtunza mwimbaji kwa noti.

Utaratibu huo naujua na naupenda. Mama yangu alikuwa akienda kutunza polepole, noti imeinuliwa juu, na ukumbi mzima ukijua ubeti ule anampelekea nani. Lakini utulivu haujawa sheria ya kila mtu. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, aliziimba nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyemtangulia, kwa koo lake lote, na huyohuyo alipiga ngoma za unyago. Uzeeni bado tulimwita malkia.

Kinachoniuma zaidi ni wanaodai kwamba machozi ya yule dada yalikuwa ya kutafutia tunzo. Nilikaa safu ya pili. Fidla ilikizunguka kiitikio mara mbili ikimngoja, na muda wote huo hakumtazama hata mtu mmoja aliyeshika noti. Aliitazama sakafu. Shoga yangu aliyekuwa kando yangu, mjane wa mwaka jana, alinishika mkono hadi wimbo ulipokwisha.

Mpenzi wa taarabu,
Tanga