Ndugu wa mgonjwa, msitufiche

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu wanaomleta mgonjwa hospitalini akiwa ameshika kifua. Tukiuliza kama anatumia dawa za kulevya, hutazamana kwanza, kisha mmoja hujibu: “Hapana, hatumii kitu.” Jibu hilo la kukwepa aibu linaweza kumuua.

Kokeini huibana mishipa inayoulisha moyo damu, na papo hapo huufanya moyo upige mbio na presha kupanda. Damu nayo huganda kwa urahisi. Ndiyo maana hata kijana asiye na kisukari wala presha hupata mshtuko wa moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulionyesha kuwa katika saa 1 ya kwanza baada ya kuitumia, hatari hiyo hupanda mara 24 hivi.

Sasa, dawa za jamii ya beta bloka, ambazo wagonjwa wengi wa moyo hupewa, madaktari huziepuka kwa aliyetoka kutumia kokeini, wakihofia mishipa itazidi kubana. Huanza na dawa za kumtuliza, kama diazepamu, na nitrogliserini ya kutanua mishipa. Daktari aliyefichwa atajuaje?

Kwa wanaojidunga, bakteria huingia na sindano wakajishikiza kwenye vali za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, mara nyingi ile ya upande wa kulia. Tiba yake kwa kawaida ni antibiotiki za kwenye mshipa kwa wiki 4 hadi 6. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mtumiaji wa heroini akishikwa na arosto, yaani mateso ya kuikosa heroini, wodini bila kupewa methadoni, dawa ya kuituliza hiyo arosto, hutoroka dozi ikiwa haijafika popote, na vali inaendelea kuliwa. Kisha sisi tunamwita mkaidi! Hata aliye kwenye methadoni aseme, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikichanganywa na dawa kama antibiotiki ya erithromaisini.

Wauguzi na madaktari wenzangu, nasi tuna lawama. Nani atasema kweli mbele ya wazazi wake, huku nyuma ya pazia mtu ananong’ona “teja huyo”? Mimi huwaomba ndugu watupishe, nikamwinamia mgonjwa: “Umetumia nini, saa ngapi, kwa njia gani? Nataka kujua tukupe dawa ipi.” Wengi hunijibu.

Muuguzi, wodi ya wagonjwa wa moyo