Sanduku Lina Kufuli Tatu: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Vikundi vya Akiba na Steji za Bombo

Wanangu wa kike na wa kiume,

Nawasalimu kwa heshima na kwa upendo wa mzazi. Nawaandikia kwa sababu ya kikundi kimoja cha akiba cha hapa mjini Bombo, Uganda, kilichovunjika mwaka huu, ambacho nitakiacha bila jina kwa kuwa waliokuwamo bado wana maumivu. Niliitwa kusuluhisha nikiwa mzee wa mtaa. Nilikuta watu 28 wamekaa pande mbili chini ya mwembe, hawatazamani, na katikati yao liko sanduku la chuma ambalo halikuwa limeibiwa hata shilingi moja. Kilichotokea ni kwamba mweka hazina wao aliugua ghafla akapelekwa kwao Arua, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kulisoma daftari lake. Alikuwa na alama zake mwenyewe za kuonyesha nani amekopa, nani amelipa riba, na nani amelipiwa na mwenziwe. Kwa wiki tatu kila mmoja alikisia, makisio yakawa tuhuma, na aliporudi akiwa amepona na kueleza hesabu yote ikanyooka, wenzake walikuwa wamekwisha kutamkiana maneno yasiyorudishika.

Siku ile kijana mmoja aliniambia kwamba ugonjwa wao ulikuwa kukosa kiongozi mkali kama makomando anaowatazama kwenye simu: mtu mmoja anatoa amri, wengine wote wanatii. Mimi nilivaa sare kwa miaka 19 na nikastaafu nikiwa sajini. Sikuwahi kuwa komando, lakini habari za vikosi hivyo nimezisoma kwa miaka mingi kama mtu asomavyo kazi aliyoipenda bila kuifikia, na neno la kijana yule lilininyima usingizi, kwa sababu vikosi hivyo huendeshwa kwa namna iliyo kinyume kabisa na anavyodhani.

Naomba nieleweke mapema. Siisifu bunduki. Sisi tuliokuwapo Luweero katika miaka ya vita, kati ya 1981 na 1986, tunajua bunduki inafanya nini katika nyumba ya mtu, na sitamani mmoja wenu aige hata kidogo ukali wa kambini anaporudi kwa mkewe au kwa abiria wake. Ninachotaka mkichukue ni namna watu wachache wanavyopangana ili kazi yao isife pale mmoja wao anapoanguka.

Tazameni kikosi cha msingi cha Special Forces, yaani makomando wa jeshi la Marekani. Kina watu 12 tu. Ndani yake mna mafundi wa silaha wawili, wahandisi wawili, matabibu wawili na watu wa mawasiliano wawili, pamoja na wanaoongoza, kupanga na kukusanya habari. Mtu anayebana matumizi angeuliza kwa nini watu wachache namna hiyo wabebe wataalamu wa kazi moja wawiliwawili. Jibu ni kwamba kikosi hicho kimeundwa ili kiweze kukatwa katikati, sita waende huku na sita kule, na kila nusu ibaki na tabibu wake na mtu wake wa redio. Tena kila mmoja hufundishwa kiasi cha kazi ya mwenzake, hata fundi wa silaha akajua kufunga jeraha na tabibu akajua kutuma ujumbe. Hakuna ujuzi unaoachwa ulale katika kichwa kimoja.

Sasa rudini kwenye sanduku lenu. Vikundi vyetu vingi vinatumia sanduku la kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Huo ni mpango wa busara, nami nauheshimu sana. Lakini nilipokaa chini ya mwembe ule niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: sanduku lilikuwa na watu watatu, daftari lilikuwa na mtu mmoja. Fedha tulizilinda dhidi ya mwizi, hesabu hatukuilinda dhidi ya malaria. Na si vikundi vya akiba peke yake. Ninaijua karakana ya pikipiki ambayo fundi mmoja tu ndiye anayejua umeme, na akienda mazikoni pikipiki zinalala siku nne. Ninamjua mama muuza vyakula ambaye binti yake hajui mama hununua maharage kwa nani wala kwa bei gani. Watu hawa wote ni wachapakazi. Wameweka ujuzi mahali pamoja kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba kumfundisha mwenzio kazi yako hakukupunguzii heshima.

Mfano mwingine ulitokea hapa kwetu, nami naugusa kwa uangalifu kwa sababu una makaburi ya pande zote. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyobeba abiria wengi Waisraeli ilitekwa nyara, ikaletwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israeli walitua huko kwa ndege nne za Hercules baada ya safari ya kilomita zipatazo 4,000. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 14, na kwa siku nyingi baadaye watu wazima walizungumza kwa kunong'ona. Wageni wale walikuja na Mercedes nyeusi ili wadhaniwe kuwa msafara wa rais, lakini hila ile iliharibika kabla hawajafika kwenye jengo lenyewe: walinzi wa zamu waliwasimamisha, risasi zikalia, ukimya waliokuwa wameutegemea ukavunjika. Mara Yonatan Netanyahu, aliyeongoza kundi la kuvamia jengo, akapigwa risasi nje.

Kwa hesabu ya komando wa kwenye simu, kazi ingeishia hapo, maana mtoa amri ameanguka na mpango umechanika. Haikuishia. Kila kundi dogo lilikuwa linajua mlango wake na chumba chake, kwa sababu walikuwa wamefanya mazoezi ya tendo lile, na kwa sababu abiria walioachiliwa siku chache kabla walikuwa wameulizwa kwa makini walichokiona ndani. Mateka zaidi ya 100 waliokolewa. Mateka watatu walikufa katika mapambano, na Bi Dora Bloch, mateka mwenzao, ajuza aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye. Askari wengi wa Uganda walikufa pia usiku ule, vijana waliowekwa zamu na watawala wao, na kila nikisimulia habari hii huwaombea na wao, kwani nao walikuwa wana wa watu. Ninachowaonyesha ni jambo moja tu: mpango haukuwa mali ya kiongozi. Alipoanguka, haukuanguka naye.

Mwenyekiti wa steji ya bodaboda anayesoma barua hii ajiulize swali hili. Ukilala hospitalini kesho, je, wenzako wanajua leseni zenu zinaisha lini, bima imelipwa hadi mwezi gani, na familia ya mwenzenu aliyevunjika mguu iliahidiwa nini? Kama jibu ni kwamba yote hayo unayajua wewe, basi bado hujawaongoza, umewabebea tu, na siku utakapotua mzigo hakuna atakayejua ulikuwa na nini ndani.

Lakini kugawana ujuzi ni sehemu iliyo nyepesi. Iliyo ngumu ni kuambiana ukweli, na hapo nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1941, katika jangwa la Afrika Kaskazini, ofisa kijana wa jeshi la Uingereza aitwaye David Stirling aliunda kikosi kidogo ambacho ndicho chimbuko la SAS, makomando wa Uingereza. Wazo lake lilikuwa kwamba watu wachache wakiingia usiku kwenye viwanja vya ndege vya adui wanaweza kuharibu ndege nyingi zikiwa bado chini. Njia waliyoichagua ilikuwa kushuka kwa parachuti, nayo ilikuwa fahari yao. Mwezi wa Novemba walikwenda kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameonywa kwamba upepo ni mbaya, wakaamua kwenda vilevile. Dhoruba iliwatawanya jangwani, zaidi ya nusu yao wakafa au wakatekwa, na hawakuharibu hata ndege moja ya adui.

Waliobaki walirudishwa na madereva wa kikosi kingine, Long Range Desert Group, watu waliolijua jangwa na kulivuka kwa malori kama ninyi mnavyozijua njia za Wobulenzi na Ziroobwe wakati wa mvua. Stirling angeweza kuwalaumu marubani, au hali ya hewa, au wakubwa wa Kairo. Badala yake yeye na wenzake walitenganisha mambo mawili ambayo mtu aliyeumia huyachanganya: lengo lilikuwa sahihi, njia ndiyo iliyokosewa. Madereva wale waliowatoa jangwani wangeweza pia kuwaingiza. Wakaiweka kando fahari ya parachuti, na mwezi uliofuata, Desemba, wakarudi kwa malori na kuharibu makumi ya ndege. Mimi husoma habari hii nikiwafikiria vijana wanaofilisika kwa biashara moja wakasema biashara si ya watu wa kwetu, hali kosa lilikuwa eneo la kibanda au bidhaa waliyoipenda wao kuliko wanunuzi.

Jeshi la Marekani baadaye liliufanya ukweli wa namna hiyo kuwa kazi ya kila siku. Katika uwanja wao wa mazoezi wa Fort Irwin, California, tangu miaka ya 1980, vikosi vikishamaliza zoezi hukaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na kujibu maswali machache: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini kimekuwa hivyo, na kesho tutafanya nini tofauti. Katika kikao hicho askari wa cheo cha chini ana ruhusa ya kumwambia afande wake kwamba amri ilichelewa. Aliyepita jeshini katika nchi zetu anajua jambo hilo lina uzito gani. Baba yangu alitumikia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, nami nililelewa katika nyumba ambayo jibu la kila jambo lilikuwa "Ndiyo, afande".

Hapa sina budi kuwaeleza kosa langu. Nilipokuwa koplo niliona mafuta ya breki yakivuja chini ya lori letu asubuhi ya safari. Ofisa alikuwa na haraka, amekwisha kukunja uso, nami nikanyamaza ili nisionekane mkaidi. Lori lilitoka barabarani kwenye mteremko, na mwenzangu mmoja akapoteza mguu. Hakuna aliyeniuliza chochote wakati ule wala baadaye. Nimekaa na ukimya ule kwa miaka zaidi ya 30, na kila nikiona kikao cha vijana ambamo mwenyekiti anaongea saa nzima na wengine wanatazama chini, nauona ule unyevunyevu chini ya lori.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Mara moja kwa wiki, steji ikishatulia, kaeni nusu saa muulizane maswali yale. Mwenyekiti aseme mwisho, maana akisema kwanza wengine watamfuata. Tena, na hili nalisisitiza, siku hiyo pasiwe na faini. Vikundi vyetu hupenda sana faini: ya kuchelewa, ya kusahau, ya kujibu vibaya. Faini ina siku yake, lakini ukimtoza mtu shilingi 2,000 kwa kukiri kwamba alisahau kukagua breki, umemfundisha kutokiri tena. Aliyesema ukweli mbele ya wenzake ameshalipa.

Kuhusu mazoezi makali mnayoyaona kwenye picha nitasema machache. Kweli yapo, na ni magumu. Lakini katika majaribio ya SAS kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, kinachonigusa si uzito wa mzigo. Mtu hutembea peke yake na ramani yake, na wasimamizi anaowakuta njiani hawamfokei wala hawampi moyo. Humpa tu mahali pengine pa kufika. Wanataka kujua atakwenda vipi asipokuwa na mtu wa kumsukuma. Bodaboda anayevaa kofia ngumu saa tano usiku, barabara ikiwa tupu na askari wa trafiki amelala, amefaulu jaribio hilohilo, na hana haja ya kupanda mlima.

Kikundi kilichovunjika kimeniomba tuanze upya, nami nimekubali. Tutakutana Jumamosi ijayo saa kumi alasiri nyumbani kwangu, chini ya mwembe uleule, na kikundi kingine chochote kinakaribishwa. Ninaomba mje na daftari, na ninaomba lisomwe kwa sauti na mtu yeyote ila mweka hazina. Atakapokwama, mweka hazina amfafanulie, kisha kalamu ishikwe na mtu wa tatu.

Mimi mzee wenu,
Sajini mstaafu, Bombo