Tuache kungoja mvua itupelekee taka

Ndugu Mhariri,

Ikitajwa plastiki ya baharini, wengi hapa Bukavu hujibu kwamba bahari iko mbali. Kweli iko mbali. Lakini Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, papa hapa mjini. Ruzizi inaingia Ziwa Tanganyika, Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo yenyewe inayofika Atlantiki kule Banana. Hatusemi kila sashe, yaani mfuko laini wa plastiki, la hapa mtaani Kadutu linafika huko. Mengi hunasa njiani, na pa kwanza kunasa ni bwawa la Ruzizi I, tunakopata umeme.

Mbele ya mitambo ya bwawa kuna chekeche la nondo la kuzuia magogo. Sashe likifika pale halipiti wala halirudi. Maji yanalibana, linajizungusha kwenye nondo, lingine linakuja kulalia juu yake, mpaka maji yanayoingia yanapungua na mtambo unakosa nguvu. Hapo husimamishwa, wapiga mbizi wakashuke kubandua taka kwa mkono. Chupa yenye kizibo huelea na kuokotwa kwa mtumbwi. Isiyo na kizibo hujaa maji ikazama, maana plastiki ya chupa za maji ni nzito kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo ukiona maji ni meupe juu, usidhani na chini ni hivyo.

Watu wanajua haya yote, au karibu yote. Kinachotuharibia ni tabia ya kungoja mvua. Taka zinalimbikizwa nyumbani siku tatu, nne. Wingu likitanda, gunia linamwagwa kwenye kanivo, mfereji wa maji ya mvua. Mtaa wa juu unabaki safi, wa chini unapokea, na mto Kawa unamalizia kazi mpaka ziwani. Mvua za Septemba, zikija baada ya miezi ya kiangazi, hubeba mzigo wa kutisha. Na wanaomwaga ni watu wanaofagia ua wao kila asubuhi!

Dawa yake ni magunia mawili nyumbani. Moja la maganda, mabaki ya sombe (majani ya muhogo) na majivu. La pili la plastiki kavu. Plastiki iliyochanganyika na majivu na matope haina mnunuzi, kwani kuiosha kunakula bei yote. Chupa imwagwe maji, ikanyagwe, kisha kizibo kirudishwe ili isivimbe tena. Tazama chini yake: chupa ya maji ina namba 1 ndani ya pembetatu, bido (dumu) la mafuta mara nyingi ni namba 2. Zisichanganywe. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani, na kitu kinachotoka hupasuka. Vizibo havisumbui: chupa ikishasagwa, vipande vinatiwa kwenye beseni la maji, vya chupa vinazama na vya vizibo vinaelea.

Kwa masashe hatuna jibu zuri. Dekreti (amri) ya serikali ya Kongo ya tarehe 30 Desemba 2017 inayakataza, lakini mama anayeuza sukari kwa glasi hawezi kuifungia ndani ya dekreti. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliyapiga marufuku tangu 2008, na wanaovuka mpaka huyavua kwenye mizigo yao bila ubishi. Na wanaoyatumia nyumbani kuwashia mbabula, jiko la makaa, moshi ule wanaupumua wao na watoto wao.

Neno kwa mitaa inayotaka kuweka vizuizi kwenye kanivo na vijito. Msikaze wavu moja kwa moja kukatiza maji, mvua ya kwanza itaupasua. Fungeni bido tupu za lita 20 kwenye kamba nene, na kamba ilale kimshazari, taka zisukumwe kwenye ukingo ambapo mtu anaweza kusimama. Chini ya bido ning'inizeni wavu wa sentimita 30 hivi, usiguse chini, ili maji na mawe yapite. Kisha uchafu uondolewe siku ileile. Ukilala siku mbili unakuwa bwawa, na maji yanaingia nyumba za jirani. Kabla ya kufunga kamba, mjue ni nani atakayekuja na beleshi saa kumi na mbili asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kama hayupo, msifunge.

Wachambuzi wa plastiki,
Bukavu